Konokono wa ziwani: jinsi ya kumtambua wa kichocho kwa gamba lake

Jamani hawa konokono tunaowakanyaga mwaloni kila siku sio wa aina moja, wengi wao hawana hata shida na mtu, ila kuna wa aina mbili ndo wanaobeba kichocho na ukishazoea unawajua chap. Mi nilianzia Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kwenye mizizi ya magugumaji, watu wakawa wananicheka eti natafuta kitoweo.

Kwanza usiingize mikono mitupu, vimelea vya kichocho vinapenya kwenye ngozi, havisubiri uyanywe maji. Vaa gambuti na glavu, funga chujio la chai kwenye fimbo, chota, mwaga kwenye sahani nyeupe. Chukua walio hai tu.

Sasa mguse kidogo ajifiche halafu uangalie mdomo wa gamba, kuna kifuniko? Yaani kale kakitu kagumu kama ukucha kanakoziba mlango. Kakiwepo huyo sio wa kichocho, achana naye. Na ndo maana sitaki magamba matupu ya ufukweni, konokono akishakufa kifuniko kinadondoka, unabaki unamsingizia asiye na kosa.

Hana kifuniko? Haya, angalia umbo. Gamba likiwa bapa, limejiviringisha kama ile dawa ya mbu ya kuchoma, huyo mara nyingi ni Biomphalaria, anabeba kichocho cha tumbo, ndo hicho kinachotusumbua sisi wa kandokando ya ziwa. Ukimponda (na glavu!) anatoa majimaji mekundu, usishtuke, damu yake ina hemoglobini kama yako.

Likiwa na ncha, ishike ncha iwe juu na mdomo ukutazame wewe. Hapa ndo wengi wanachemka, wanashika ncha chini, kushoto inakuwa kulia, basi kila kitu kinaharibika. Ncha juu, mdomo uko kushoto: Bulinus, wa kichocho cha mkojo, huyu mtafute zaidi kwenye madimbwi na malambo huko vijijini Usukumani. Mdomo uko kulia na umepanuka, gamba jembamba: Lymnaea, huyo kesi yake ni minyoo ya maini ya ng'ombe.

Kuna mmoja anaitwa Lanistes, alinizungusha wiki nzima huyo. Mdomo kushoto kabisa, nikawa naandika Bulinus, Bulinus, kumbe ana kifuniko na akikua anakuwa mkubwa kuliko Bulinus. Kifuniko kwanza, upande baadaye. Wale warefu wamechongoka kama skrubu, Melanoides, nao wana kifuniko, wapite tu.

Ila gamba halikwambii kama ameambukizwa. Hapo mpaka umweke kwenye glasi ya maji safi, kwenye mwanga, mchana, ndo vimelea vinatoka, halafu uyaangalie hayo maji kwa hadubini, na mi sina, huwa nampelekea mtu wa maabara.