Juisi ya makusu isiyo chungu, na mzizi wa mkusu kwa tumbo

Wengi wanaoniuliza kwa nini juisi yao ya makusu, matunda ya mti wa porini uitwao mkusu, imetoka chungu walitumia blenda. Iwekeni kabatini. Hii ni kazi ya mikono, mwiko na chujio.

1. Kuokota
Msimu ni Oktoba hadi Februari kwenye misitu ya miombo, iwe Tabora, Iringa au Songea. Okota yaliyoanguka yenyewe, ya manjano yaliyokolea hudhurungi, yanayobonyea kwa kidole gumba. Usiupige mti kwa fimbo. Utaangusha na machanga, nayo husinyaa bila kuwa matamu. Mkusu usiozaa kabisa usiukate. Kuna mikusu dume na jike, na bila chavua ya dume hupati kitu.

2. Osha

3. Kutoa nyama
Hapa ndipo watu wanapoharibu. Bana tunda kwa vidole viwili mpaka ganda lipasuke, kisha sukuma nyama na mbegu zake zidondokee kwenye beseni. Ganda lisiingie hata kipande, maana ndilo lenye ule ukakasi unaokausha ulimi, na blenda hulisaga pamoja na mbegu. Sasa mbegu: ni tatu au nne, nyeupe, na nyama imezing'ang'ania. Mimina maji ya uvuguvugu yafunike tu, acha nusu saa, halafu zungusha mwiko wa mbao polepole ukizisugua mbegu ukutani mwa beseni. Maji yakiwa mazito kama uji mwepesi, chuja kwa chujio la matundu makubwa. Mbegu zikibaki na nyama, zirudishie maji kidogo, usugue tena. Usiponde, hata ukichoka.

4. Kupika
Chemsha kidogo, weka sukari na limau. Usitumie sufuria ya chuma cheusi, juisi itabadilika rangi. Ukitaka jamu, punguza maji tangu hatua ya 3, weka sukari nusu ya kipimo cha rojo, koroga bila kuondoka jikoni. Fanya siku hiyohiyo, makusu huchachuka upesi.

5. Dawa
Wazee huchemsha mizizi kwa kuhara na kwa tumbo lililovimbiwa. Chukua mzizi mdogo wa pembeni, kisha fukia shimo. Ukikata mzizi mkuu unaweza kuua mti. Mtoto anayeharisha mpe kwanza ORS, ile dawa ya chumvichumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Ukiona damu au amelegea, mpeleke zahanati, mzizi uache.