Kuweka fomu ya malipo kwenye tovuti yako kama unauza huduma

Maelekezo mengi ya kupokea malipo mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya wenye maduka, utakuta kikapu, stoki, picha za bidhaa, gharama za usafirishaji, sasa we ni fundi umeme au mpiga picha au unafundisha tuisheni, hivyo vyote vya nini? Unachotaka ni kidogo tu. Bei mmeshaelewana, mteja anaingia analipa, na hela ikiingia unajua hapo hapo ni ya nani na ya kazi gani. Hilo la mwisho ndo watu wanalisahau, alafu linawatesa baadae.

Kabla hujagusa tovuti amua namba za kadi atazishika nani. Jibu ni kwamba usizishike wewe. Kuna tovuti moja niliitwa kuirekebisha, ya mtu anayefanya usafi wa majumba, fomu yake ya mawasiliano ilikuwa imeongezewa boksi la namba ya kadi na boksi la zile tarakimu tatu za nyuma, mteja akibonyeza tuma vyote vinaingia kwenye imeli ya mwenye biashara kama ujumbe wa kawaida. Kadi za wateja zimelala humo kwenye imeli yenye nenosiri jepesi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, hakujua tu. Makampuni ya kadi yana kanuni zinaitwa PCI DSS, toleo la kwanza lilitoka 2004, na zinakataza muuzaji kutunza zile tarakimu tatu malipo yakishaidhinishwa, hata kama umezificha kwa siri kiasi gani. Kwahiyo kazi ya kadi iachie kampuni ya malipo, Stripe, PayPal au nyingine inayokubali biashara za nchi yako. Hilo la nchi cheki mapema sana kwa sababu sio kila kampuni iko kila mahali, na cheki pia makato yao na inachukua siku ngapi hela kufika kwenye akaunti yako.

Ukishafungua akaunti kuna njia kama tatu. Ya kwanza ni linki ya malipo, unaitengeneza kwenye dashibodi yao, yaani ukurasa wa kusimamia akaunti yako, unaikopi, unaiweka kwenye kitufe cha "Lipa hapa" kwenye tovuti yako, basi. Ya pili ni plagini, yaani kiprogramu cha kuongezea kwenye tovuti, kama tovuti yako imejengwa kwa mfumo wa WordPress zipo za fomu ambazo zinaunganishwa na hizo kampuni. Ya tatu ni kuandika kodi mwenyewe (code, yaani maandishi ya programu, sio kodi ya serikali) ili fomu ikae ndani ya ukurasa wako, na hata hapo yale maboksi ya kadi yanatoka kwenye seva, yaani kompyuta, za kampuni ya malipo, yanaonekana tu kama yako kwako. Mimi kwa mtu anayeanza namwambia achukue linki, aitumie miezi michache, akiona inambana ndo ahamie kwingine. Wengi haiwabani.

Sasa fomu yenyewe, hapa tukae kidogo. Weka jina, imeli ya kutumiwa risiti, kiasi, na boksi la namba ya invoisi au kazi inayolipiwa, na hilo boksi lifanye la lazima, mtu asiweze kupita bila kulijaza. Nimeshakaa na mwenye biashara tunahangaika na malipo mawili ya siku moja, kiasi kile kile, majina ya kwanza yanafanana, na mmoja alikuwa amelipa kwa kadi ya mke wake kwahiyo hata jina la kwenye kadi halikusaidia kitu. Ilibidi awapigie wote wawili kuwauliza, na mmoja akaudhika kwamba alishalipa mbona anasumbuliwa. Boksi moja tu lingemaliza hayo yote. Anwani, jina la kampuni, umetusikia wapi, toa, kila boksi unaloongeza kuna mtu analiona anasema ntalipa kesho.

Kuhusu kiasi, kama unaweza kipange wewe kwenye linki ya kila invoisi ili mteja asiandike namba, maana mtu akiwa kwenye simu anaongeza sifuri bila kujua. Kama ni lazima aandike mwenyewe, mfano analipa kidogo kidogo, weka kiwango cha chini na cha juu, na kiasi kionekane tena kwenye kitufe cha mwisho. Na kama unaandika kodi, angalia, Stripe inasoma kiasi kwa kipande kidogo cha sarafu, yaani 50 kwenye sarafu yenye senti unaandika 5000, lakini sarafu isiyo na senti kama yeni ya Japani unaandika 50 hivyo hivyo. Ukikosea hapo umemkata mtu mara 100 ya deni lake au umechukua sehemu ndogo sana. Maandishi ya kwenye maboksi yasiwe chini ya piseli 16, chini ya hapo iPhone inaukuza ukurasa (zoom) mteja akigusa boksi, fomu inaonekana imeharibika wakati haijaharibika.

Tovuti lazima iwe na https, yaani mawasiliano yake na mteja yafichwe, cheti chake cha Let's Encrypt ni bure na hosti nyingi, yaani kampuni zinazohifadhi tovuti, zinakuwekea zenyewe. Alafu funguo, yale maandishi marefu yanayounganisha tovuti yako na kampuni ya malipo. Utapewa mbili, ya wazi na ya siri, kwa Stripe ya wazi inaanza na pk na ya siri inaanza na sk. Ya siri inakaa kwenye seva tu, isionekane kwenye ukurasa wala usimtumie mtu kwenye meseji, ikivuja ingia ubadilishe dakika hiyo hiyo.

Kutesti usiruke. Ukiwa kwenye hali ya majaribio ya Stripe tumia kadi 4242 4242 4242 4242 na tarehe yoyote ya mbele, itakubali. Alafu jaribu 4000 0000 0000 0002, hiyo inakataliwa, na uangalie kwa makini mteja anaonyeshwa nini, kama ukurasa unaganda tu bila maelezo atabonyeza tena na tena. Kitufe kikishabonyezwa kizimike mpaka jibu lirudi.

Kitu kingine, ule ukurasa wa "Asante umelipa" sio ushahidi. Mteja anaweza kulipa akafunga simu kabla haujafunguka, na mwingine anaweza kuufungua bila kulipa kama ameijua anwani yake. Ushahidi ni dashibodi, au webhuku kama una mtu wa kukuandikia programu, yaani seva ya kampuni ya malipo inaiambia seva yako kwamba malipo fulani yamekamilika, na seva yako inahakiki saini ya huo ujumbe kwanza kabla ya kuuamini. Skrinshoti ya mteja usianzie kazi.

Kabla hujawasha rasmi, hapo hapo kwenye majaribio jaribu na kurudisha hela, ujue kunakwendaje (kwenye malipo ya kweli makato mara nyingi hayarudi). Na mteja wa kwanza akishalipa muulize kwenye meseji ya benki yake limetokea jina gani. Stripe inataka jina hilo liwe herufi 5 mpaka 22, na mtu akiona jina asilolijua kwenye taarifa yake anapiga simu benki anasema ameibiwa, benki inaivuta hela na we unabaki kukusanya vielelezo kwa wiki kadhaa. Kama limetokea jina la usajili ambalo wateja hawalijui, libadilishe liwe lile lile lililoko juu ya tovuti yako, ndo uwatumie wengine linki.