Jinsi ya Kufurahia Onyesho la Bluzi ya Gitaa la Umeme Ukiwa Mgeni Chicago

Mgeni akiniuliza aende wapi kusikia bluzi, muziki wa Wamarekani weusi uliozaa roki, namwelekeza Chicago. Mwimbaji na mpiga gitaa Muddy Waters alihamia huko kutoka Mississippi mwaka 1943, akashika gitaa la umeme kwa sababu kelele za vilabuni zilimeza gitaa la kawaida. Muziki huo bado unapigwa kila wiki, na ukijipanga utausikia kwa karibu sana.

Hatua ya 1: Chagua ukumbi. Buddy Guy's Legends, ulioko mtaa wa South Wabash, ulifunguliwa mwaka 1989. Buddy Guy mwenyewe, mpiga gitaa mkongwe wa bluzi, amezoea kupiga hapo mwezi Januari, na tiketi za siku hizo hugombewa. Kingston Mines, ulioko mtaa wa North Halsted, una majukwaa mawili: bendi moja ikipumzika, nyingine inaanza upande wa pili. Kama una usiku mmoja tu, nenda huko. Ukija Juni, tamasha la bluzi la jiji hufanyika kwenye bustani ya Millennium Park bila kiingilio.

Hatua ya 2: Beba vitu vinavyotakiwa. Chukua pasipoti yenyewe, maana picha ya kwenye simu inaweza kukukwamisha mlangoni. Vilabu vingi haviingizi mtu wa chini ya miaka 21 usiku. Uwe na noti za dola moja moja na tano tano. Mhudumu wa baa hupewa bakshishi ya dola moja au mbili kwa kinywaji, na ndoo ikipitishwa ni ya wanamuziki, kwa hiyo weka chochote.

Usisahau vizibo vya masikio. Kiwango cha juu cha kelele kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15.

Hatua ya 3: Wahi nafasi. Ukikaa mbele ya spika ya gitaa, maneno ya mwimbaji yatapotea. Kaa karibu na fundi mitambo. Sauti anaipima kwa masikio yake akiwa pale pale.

Hatua ya 4: Sikiliza. Hapa nakusihi uweke simu mfukoni. Bluzi nyingi huenda kwa mzunguko wa vipimo 12, kila kimoja hesabu nne. Gonga mguu uhesabu. Mwimbaji anaimba mstari, anaurudia, kisha anaujibu kwa mstari wa tatu, na kila akivuta pumzi gitaa linamwitikia. Tazama vidole vya mkono unaobana nyuzi: mpigaji anausukuma uzi hadi noti inalia, halafu anauachia taratibu. Kuna wakati atawapa wenzake ishara kwa kidevu, ngoma zishuke, gitaa libaki likinong'ona. Usiongee hapo. Solo, yaani sehemu ambayo mpigaji mmoja anaongoza peke yake, ikiisha, piga makofi papo hapo bila kungoja wimbo umalizike. Mpigaji akihisi watu wako naye, mara nyingi huongeza mzunguko mwingine.

Hatua ya 5: Panga kurudi. Treni za Red Line hutembea saa 24. Kwa Legends panda kituo cha Harrison, kwa Kingston Mines panda kituo cha Fullerton. Kabla ya kutoka, pita kwenye meza ya bendi. Kama wanauza CD, nunua moja, pesa inawafikia wenyewe.