Kabla hujanunua bastola ya kujikinga na dubu, soma hii kwanza

Kila mwaka barafu ikianza kuyeyuka hapa Anchorage napokea simu za ndugu zetu waliofika Alaska karibuni, Wabongo, Wakenya, Wakongo waliokaa miaka kambini Nyarugusu, na swali ni lile lile, kaka nataka kwenda kuvua samoni mtoni na watoto, ninunue bastola gani maana nasikia huko porini kuna dubu. Jina la bastola huwa sikimbilii kulitaja. Kuna mambo yanatakiwa yakae sawa kabla hujaingia dukani, na moja wapo ukilikosea linaweza kukurudisha ulikotoka kwa ndege ya serikali, kwa hiyo naanza na hilo hilo.

Watu wanasikia Alaska ruksa kubeba silaha bila kibali, na ni kweli, toka 2003 mtu mwenye miaka 21 na kuendelea anayeruhusiwa kumiliki anaweza kubeba hata akiificha ndani ya koti. Neno la kushika hapo ni "anayeruhusiwa kumiliki". Sheria ya taifa, sio ya jimbo, inamkataza mtu mwenye viza ya muda, mwanafunzi, mtalii, aliyekuja kwa kazi ya muda, kuwa na bunduki au hata risasi zenyewe, labda awe kwenye vile vipengele vichache vinavyomruhusu, mfano awe na leseni halali ya kuwinda. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hahesabiwi kwenye hilo kundi la viza ya muda. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, hata kama kesi ilikuwa ndogo, hagusi bunduki. Na usije ukamnunulia mwenzio kwa jina lako eti yeye karatasi zake hazijakaa vizuri, ile fomu unayojaza dukani inakuuliza kama mnunuaji ni wewe mwenyewe, ukidanganya ni jinai, na kwa sisi ambao sio raia hatia ya kosa la silaha ni sababu tosha ya kufukuzwa nchini. Hata pale mtoni kijana wa chuo akikuambia lete nikushikie kidogo ufunge kamba, mwambie hapana. Ukiwa na wasiwasi wowote muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize muuza duka, yeye anauza.

Haya, umeruhusiwa. Sasa jua unamuogopa nani. Idara ya wanyama na samaki ya Alaska inakadiria jimbo lina dubu wa kahawia kama 30,000 na dubu weusi kama 100,000, na wote wawili wapo mpaka ndani ya Anchorage, wanafuata samoni kwenye vijito vinavyopita katikati ya mji. Dubu mweusi dume akitoka usingizini mwezi wa nne au wa tano mara nyingi hafiki hata kilo 100. Dume kubwa la kahawia kule kisiwani Kodiak linaweza kufika kilo 680, yaani nyati mzima, ila huyu ana makucha na anakula nyama. Usiwatofautishe kwa rangi, maana mweusi anaweza kuwa wa rangi ya mdalasini na wa kahawia anaweza kuwa giza kabisa, angalia nundu ya misuli mabegani, wa kahawia anayo. Hili linagusa bastola unayonunua na linagusa utakachofanya ukikamatwa, wa kahawia akikurukia kwa kujihami kwa sababu umemshtukiza na watoto wake unalala kifudifudi unakinga shingo kwa mikono unatulia, mweusi akikuvamia unapigana naye mpaka mwisho, na dubu yeyote anayekunyatia taratibu akikufuata fuata huyo amekuona chakula, huyo unapigana naye awe wa rangi gani.

Kabla ya bastola nunua spreyi ya dubu, ile ya pilipili, na hapa sina mjadala. Watafiti Tom Smith na Stephen Herrero na wenzao walikusanya visa vya Alaska, ya spreyi wakatoa 2008 na ya bunduki wakatoa 2012. Kwenye spreyi dubu wa kahawia aliacha alichokuwa anafanya mara 92 kwa 100, na waliokuwa nayo karibu wote, 98 kwa 100, hawakuumia. Kwenye bunduki waliangalia matukio 269, bastola zilifanya kazi mara 84 kwa 100, ila wakaona kuumia au kutoumia hakukutofautiana kati ya walioitumia bunduki na wale waliokuwa nayo wasiitumie. Sasa tuwe wakweli, hizo tafiti mbili huwezi kuziweka kwenye mizani moja, visa vya spreyi vingi dubu alikuwa anachungulia tu kutafuta chakula na vya bunduki vingi alikuwa anakuja kwa hasira. Lakini mimi nachukua hili, spreyi inatengeneza wingu, huhitaji kulenga kitu chenye ukubwa wa ngumi kinachorukaruka mbele yako, mke wangu anaitumia, mwanangu mkubwa anaitumia. Inafika mita 9 hivi, upepo ukiwa unakujia usoni inakurudia mwenyewe, na ina tarehe ya mwisho chini ya kopo, iangalie. Bastola ni ya pale spreyi imeisha, au upepo mbaya, au uko ndani ya hema na dubu ameshachana kitambaa.

Halafu muda. Dubu wa kahawia akikimbia anafika kilomita 56 kwa saa, piga hesabu, mita 30 ni sekunde mbili. Ndani ya hizo sekunde mbili unatakiwa umuone, uamini unachokiona, utoe silaha, ulenge, ufyatue, na miguu yako iko kwenye matope au mawe ya mto. Ndo maana nikisikia mtu anaanza kwa kuniuliza ipi kubwa kuliko zote namrudisha nyuma. Cha kujiuliza ni ipi unaweza kuitoa kifuani ukiwa na koti na vidole vimeganda, ukapiga nayo mara mbili tatu pale ulipolenga.

Na hili nimelijifunza kwa mikono yangu. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum, ile nyepesi mno iliyochanganywa titani, muuzaji wa duka moja hapa mjini akaniambia hii hutaisikia hata kama umebeba, na kweli kubeba ilikuwa raha. Hakuniambia kwamba wepesi wote ule unalipia kwenye kiganja. Ile kitu inapiga teke, risasi nzito ikitoka mkono wote unakufa ganzi, kufika risasi ya sita nilikuwa nafumba macho kabla sijafyatua, na mtu anayefumba macho hapigi chochote. Nikaiweka miezi bila mazoezi kwa sababu nilikuwa naiogopa, na nikawa naenda nayo porini na watoto nikiamini nimewalinda. Hilo bado linaniuma.

Kaliba sasa, yaani unene wa risasi. Ya .44 Magnum ipo toka 1955 na huku ndo imezoeleka kwa dubu, lakini iwe kwenye chuma chenye uzito, kama Ruger Redhawk, uzito ule unameza teke. Juu yake kuna .454 Casull na .500 ya Smith & Wesson iliyotoka 2003, hizo kama sio mpigaji wa miaka mingi ziache, risasi ya kwanza itampata au isimpate, ya pili itachelewa. Chini yake .357 Magnum, kwa dubu mweusi inatosha vizuri, kwa wa kahawia inatosha kwa shida. Wengi siku hizi wamehamia kwenye milimita 10, Glock 20 hasa, magazini yake, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, inabeba risasi 15, teke lake linavumilika, na doria ya Sirius ya jeshi la Denmark inayozunguka kaskazini mashariki mwa Greenland kwa mbwa wa kuvuta sleji inabeba hiyo hiyo kwa ajili ya dubu weupe. Mimi nimeishia hapo. Kuhusu 9mm ya kawaida, kila mtu atakusimulia yule muongoza wageni wa Alaska aliyemuua dubu wa kahawia nayo mwaka 2016, ni kweli ilitokea, ila yule ni mtu aliyeishi na dubu miaka mingi na alikuwa ameweka risasi maalumu za kupenya. Ukiwa nayo tayari na hela ya nyingine hakuna, fanya kama yeye upande wa risasi, na spreyi iwe karibu zaidi ya mkono.

Tofauti ya rivolva na ya magazini usiichukulie juu juu. Rivolva ukiisukumiza kwenye manyoya ya dubu amekulalia inafyatuka, ya magazini ikigandamizwa mtutuni inaweza kurudi nyuma kidogo ikagoma. Ya magazini pia ikishikwa kilegevu, tuseme mkono mmoja uko mdomoni mwa dubu na huo mwingine unatetemeka, inaweza kukwama. Upande mwingine rivolva ni tano au sita basi, na kuijaza tena pale ni ndoto.

Risasi zenyewe ni nusu ya bastola. Zile zenye tundu mbele zinazochanua zikigonga mwili, ambazo duka zima linaziuza kwa ajili ya kujilinda na majambazi, hazifai, zinachanua kwenye mafuta na misuli haziendi kokote. Dubu ana mfupa mnene wa bega, unataka kitu kinachopenya moja kwa moja. Waulize risasi za kumimina, ngumu, nzito, bapa mbele, wenyewe wanaziita hadikasti, uzito wa greni (kipimo cha uzito wa risasi) 200 mpaka 220 kwa milimita 10 na kama 240 mpaka 300 na kitu kwa .44. Kama ni Glock angalia hapo, kiwanda kinakataza vichwa vya madini ya risasi visivyovikwa shaba kwenye mitutu yake, kwa hiyo tafuta zilizovikwa au za shaba tupu za kupenya, au ubadilishe mtutu. Na uzipige hizo hizo angalau magazini mbili tatu, sio unafanya mazoezi na za bei rahisi afu unaingia porini na ambazo hujawahi kuona kama bastola yako inazimeza.

Kifuko chake kiwe cha kifuani. Kiunoni utakuta mkanda wa begi umekaa juu yake, au umevaa ile suruali ya mpira ya kuingilia majini imefunika kila kitu, na ndani ya begi ni sawa na kuiacha nyumbani. Kifuani inabaki pale ukikaa, ukiinama kutoa samaki ndoano, ukilala hemani.

Mazoezi hayana njia ya mkato. Hapa Anchorage kuna uwanja wa shabaha wa Rabbit Creek, wa idara yenyewe ya wanyama, weka sahani ya karatasi mita 7, mikono chini, mwenzio apige kelele, utoe upige mbili ndani ya sahani. Wakiruhusu kutoa kifuani fanya hivyo, wasiporuhusu kule kutoa ufanyie nyumbani na bastola tupu uliyoikagua mara mbili, risasi ziko chumba kingine. Vaa vikinga masikio, .44 inaua sikio kwa siku moja. Na nyumbani iwe kwenye sanduku la kufuli siku zote, watoto wetu hawajakua na hivi vitu na marafiki zao wanakuja kucheza, mi kwangu funguo haishikwi na mtu mwingine zaidi yangu.

Safari nazo zina yake. Kwenye ndege bastola inaenda kwenye mzigo wa chini, tupu, ndani ya boksi gumu lenye kufuli, na unaitaja pale kaunta. Spreyi ya dubu haipandi ndege ya abiria kabisa, hata kwenye mzigo wa chini, nunua unakofika. Hifadhi za taifa kama Denali toka 2010 unaruhusiwa kuwa na bastola kwa kufuata sheria ya jimbo, ila kuifyatua ni suala jingine, na majengo yao huingii nayo. Ukiwa unakuja kwa gari kupitia Kanada usidhani ni jimbo jingine la Marekani, wenzetu bastola ni silaha ya masharti makali na Oktoba 2022 walisimamisha kabisa kuuziana. Pita na spreyi yao.

La mwisho ambalo karibu hakuna anayeniuliza, ni siku umefyatua kweli na dubu ameanguka. Alaska inakuruhusu kuua kwa kuokoa maisha, lakini sio kama wewe ndo ulimchokoza, au uliacha takataka na vichwa vya samaki vikamvuta kambini. Na dubu sio wako. Unatakiwa umchune, ngozi yenye makucha yake pamoja na fuvu vyote ni mali ya jimbo, utoe taarifa mara moja, na ripoti ya maandishi ndani ya siku 15. Kumchuna dubu mkubwa ni kazi ya masaa, kwa hiyo kwenye begi kuwe na kisu kikali na tochi ya kichwani, na kabla hujainama na kisu jaza bastola upya, simama uangalie vichakani kama kuna watoto wake au mwingine aliyesikia harufu ya damu, mwenzio mmoja abaki amesimama na spreyi mkononi mpaka mmalize.