Unanunua kamera used kwa mtu usiyemjua? Soma hapa kabla hujatuma hela

Wakuu, harusi zikichanganya tu lazima nipigiwe simu na kijana ambaye ameshapigwa. "Kaka nimetuma advance laki tatu jamaa kazima simu." Stori ni ileile, inabadilika kamera tu, leo Canon 5D kesho Sony.

Na mimi sijioni mjanja, nilishapigwa, tena sio hela ya hewani, lenzi nilipewa mkononi kabisa. Ilikuwa 70-200, tukakutana Sinza saa moja jioni nje ya baa, taa zenyewe za kijani na nyekundu, nikafunga kwenye body yangu (kamera yenyewe bila lenzi) nikapiga picha mbili tatu naona kwenye skrini safi, nikalipa. Asubuhi namulika na tochi ya simu ndani kuna utando kama wa buibui. Fangasi. Kumpigia, namba haipatikani mpaka leo. Kwahiyo ninayosema hapa mengine nimeyalipia ada.

Tuanze na hawa ambao kamera hawana kabisa, maana ndio wengi. Huyu kachukua picha kwenye ukurasa wa mtu wa Ulaya, kaandika "body iko kama mpya naiuza nina shida ya haraka, mama anaumwa", bei imekaa vizuri mno, wenzake wote wanauza milioni na nusu yeye anataka laki sita. Ukimuuliza uko wapi, yuko Mwanza wewe uko Dar, ukisema una ndugu Mwanza aje aione, ghafla kasafiri yuko Kahama kikazi. Afu kuna wateja wengine watatu wanaitaka, ila wewe kakupenda tu, tuma hata nusu akuwekee, na usisahau ya kutolea.

Picha zake zipitishe kwenye Google Lens uone kama ziko sehemu nyingine. Akipona hapo usimwombe picha nzuri zaidi, mwombe picha mbaya. Aiweke kamera mezani, pembeni kikaratasi kimeandikwa jina lako na tarehe ya leo, na nyingine ya chini ya kamera ionekane siriali namba. Mwenye kamera kweli ni kazi ya dakika mbili. Tapeli hapo ndio anaanza kukasirika, "wewe vipi huniamini?" Ndio, sikuamini, tumejuana jana.

Kuna kingine ambacho watu wengi hawakijui. Mwambie apige picha yoyote sasa hivi kwa hiyo kamera, hata ya ukuta, akutumie WhatsApp kama dokyumenti, sio kama picha, maana ukituma kama picha WhatsApp inaibana na kufuta taarifa zote zilizojificha ndani. Ikija kama dokyumenti unaifungua na programu yoyote ya kusoma EXIF, ndio hizo taarifa zilizojificha, zipo za bure kibao. Unaona modeli ya kamera, lenzi, tarehe na saa, na kwa Canon na Nikon nyingi unaona hadi siriali namba ya body. Linganisha na ile picha ya chini ya kamera. Na uangalie jina la mpiga picha, maana wengi tunaweka majina yetu kwenye menyu halafu tunasahau. Muuzaji anajiita Juma na faili linasema jina la studio nyingine, hapo uliza vizuri, labda na yeye kanunua used, labda kuna mwenzetu kavunjiwa gari wiki iliyopita anaitafuta hiyo kamera. Mali ya wizi usiiguse hata iwe bei ya karanga, ukikutwa nayo polisi hawaanzi na aliyekuuzia, wanaanza na wewe.

Kutumiwa kwa basi sasa. Naelewa mtu wa Songea au Bukoba hana namna, ila risiti ya basi sio kamera. Watu wanafunga boksi vizuri kabisa linapakiwa Mbezi, wewe unatumiwa picha ya risiti unalipa, ukifungua ni mche wa sabuni na magazeti. Bora umtafute mtu wako unayemwamini aliye mji huohuo, mpe hata elfu ishirini ya nauli na soda, aende akaikague ndio alipe. Akija winga kutoka Kariakoo kusema yeye atakuwa katikati, jua kuna cha juu chake na kamera sio yake, mwambie akupeleke kwa mwenye mali.

Kukutana iwe mchana, sehemu ya watu, yenye mwanga na soketi ya umeme. Mlimani City, ndani ya benki, au studio ya mtu mnayefahamiana. Nyumbani kwake hapana, kwenye gari lake hapana kabisa. Beba memori kadi yako, betri yako yenye chaji kama unayo, lenzi yako nzima, flash, na laptop. Sio kujishaua, kila kimoja kina kazi yake.

Shata, lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila ukipiga picha, ndio injini ya kamera. Canon 6D na 80D shata yake imepimwa kwa mipigo 100,000, 5D Mark III ni 150,000, Nikon D850 na Sony A7 III ni 200,000. Sio kwamba ikifika hapo inakata roho siku hiyohiyo, zipo zinavuka, ila ndio kipimo cha kukusaidia kwenye bei. Sasa piga hesabu, mpiga picha wa harusi anapiga 2,500 kwa harusi moja, harusi 40 kwa mwaka, tayari laki moja imekwisha. Halafu anakuambia "nimeitumia kidogo tu bro". Nikon nyingi zinaandika idadi ya mipigo ndani ya picha yenyewe kwahiyo lile faili uliloomba linakupa jibu, Canon nyingi haziandiki, lazima uchomeke kamera kwenye laptop kwa waya na programu maalum, ndio maana nimesema ubebe laptop. Na kamera ya mtu wa video isikudanganye, shata kaunti, yaani hiyo idadi ya mipigo, inaweza kuwa ndogo wakati mashine imerekodi masaa na masaa ikichemka.

Kisha ukague sensa, kile kioo cha ndani kinachonasa picha. Piga anga au ukuta mweupe kwa f/16 au f/22 (tundu la lenzi limebanwa sana), zumu picha uzunguke kona zote. Madoa madoa ni vumbi, linasafishika. Mkwaruzo hausafishiki. Funika lenzi na kifuniko chake upige picha ya giza ya sekunde kadhaa, ukiona nukta nyingi za rangi zinang'aa punguza bei au ondoka. Weka flash juu uone inawaka. Bonyeza kila batani, kila moja usione aibu, zungusha madaili yote, jaribu sehemu zote za kadi. Fungua mlango wa betri, kutu au rangi ya kijani humo maana yake maji yamepita. Skrubu zilizochakaa vichwa, kamera ilishafunguliwa na fundi, muulize kwanini.

Lenzi, nimesema ilinipata, kwahiyo hapa usinikimbie. Toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili kwa mshazari, sio moja kwa moja. Fangasi wanaonekana kama nyuzi au mizizi midogo. Sisi wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa unyevu unatumaliza, lenzi ikikaa kwenye begi miezi bila kutumika inaota. Kidogo pembeni picha haionyeshi sana, ila piga ukiwa umeelekea mwanga uone picha inavyopauka. Bei ya lenzi yenye fangasi na bei ya lenzi safi haziwezi kuwa moja, na mafundi wa kuaminika wa kuifungua ni wachache.

Sony inayotokea Japani fungua menyu ya lugha kwanza, nyingi za soko la kule zina Kijapani peke yake. Betri na kadi za bure anazokupa kama zawadi usizihesabu kwenye bei, kadi iliyoandikwa 128 unaweza kuta inabeba 8, ijaze mafaili mpaka mwisho uone kama yanafunguka.

Ukiridhika ndio hela inatoka. Soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, likiwa la mtu mwingine simama hapohapo, hadithi za "namba ya wife" muachie mwenyewe, kama ni wife aje. Andikishaneni mauziano, karatasi moja tu, siriali namba, kitambulisho cha NIDA, sahihi, na ikiwezekana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na shahidi mmoja. Anayekataa kuandika hilo karatasi, rudisha hela mfukoni.

Na kama umesoma hii umeshachelewa, hela imeshaenda, usianze kumtukana kwenye meseji. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, kama hela bado haijatolewa wanaweza kuizuia. Ile meseji ya kitapeli na namba yake itume TCRA (wasimamizi wa mawasiliano) kupitia 15040, skrini shoti zote tunza, usifute chati hata kama inakuuma kuiona, nenda kituo cha polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako.