Povu la Maziwa Bila Mashine, Jikoni Mwako

Malindi ukisema kapuchino, ile kahawa nzito yenye maziwa ya povu juu, hakuna anayekuuliza ni kitu gani. Waitalia waliizoea pwani hii tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kule Ngomeni. Baada yao walikuja wengine wengi, wakafungua mikahawa na mahoteli, na mashine zao za kahawa wakaja nazo. Kazi yangu nimejifunza nyuma ya mashine hizo, na swali ninaloulizwa na majirani kuliko jingine lolote ni hili: "Kaka, nikitaka povu kama lile la hotelini, ninunue mashine gani?"

Usinunue. Bomba la mvuke la mashine hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: linapasha maziwa moto na linayatia hewa. Nyumbani tutazitenganisha kazi hizo, na kila moja tutaifanya kwa chombo ambacho tayari unacho. Unachohitaji kukijua ni maziwa gani yanafaa, yawe na joto kiasi gani, na hewa iingie kwa mpangilio upi. Ukivijua hivyo, hata chupa tupu ya jemu itakufaa.

Maziwa kwanza

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Povu hushikiliwa na protini. Kila kipovu cha hewa huvikwa ngozi nyembamba ya protini, na ngozi hiyo ndiyo inayokizuia kisipasuke. Kwa hiyo maziwa yaliyoongezwa maji hayakupi kitu, hata ukiyapiga mpaka mkono uchoke: protini ni chache, povu linapanda, likipanda linashuka. Kama unanunua ya kupimiwa na povu linakukatalia kila siku, jaribu siku moja na pakiti iliyofungwa kiwandani. Likikubali, basi tatizo halikuwa mkono wako.

Maziwa ya pakiti yale yasiyohitaji friji mpaka yafunguliwe hutoa povu zuri na ni rahisi kwa anayeanza. Ya pakiti ya kawaida, yale ya friji, yana ladha nzuri zaidi, nami huyapenda hayo, ila yawe mapya. Maziwa yaliyokaribia kuharibika huwa na mafuta yaliyoanza kuvunjika, na mafuta hayo huua povu hata kabla ulimi haujaonja uchachu.

Ya mfugaji, yale yanayoletwa asubuhi na boda, ni lazima yachemshwe kwanza. Hili halina mjadala: maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Yachemshe, yaache yapoe, yaweke kwenye friji, kisha uondoe malai yaliyoganda juu. Malai usiyatupe, yapake kwenye mkate. Maziwa yaliyobaki chini, yakiwa baridi, yatakupa povu bila shida.

Maziwa ya unga pia yanafaa, hasa yaliyotolewa mafuta. Yakoroge yawe mazito kidogo kuliko maelezo ya kwenye mkebe, uyaache nusu saa yalowe vizuri. Tui la nazi, ingawa ndilo maziwa yetu ya pwani, lina mafuta mengi na protini kidogo mno. Halishiki povu. Tulibakize kwenye mbaazi.

Joto

Anza na maziwa baridi yaliyotoka kwenye friji sasa hivi. Mafuta ya maziwa yakiwa baridi huwa yameganda na hayasumbui. Yakipita nyuzi joto 40 huwa yameyeyuka yote, na hapo tena hayasumbui. Katikati ndiko kuna taabu: nusu yameganda, nusu yameyeyuka, na vichembe vyake hutoboa zile ngozi za protini. Sasa fikiria maziwa yaliyoachwa juu ya meza saa sita mchana mwezi wa Februari hapa Malindi. Yako palepale katikati pabaya. Ndiyo maana nasisitiza yawe baridi kabisa au moto, vuguvugu usiyaguse.

Joto la mwisho tunalolitaka ni kati ya nyuzi 60 na 65. Hapo maziwa huonekana matamu zaidi hata bila sukari, na povu hukaa. Yakipita nyuzi 70 ladha huanza kugeuka, yakawa na harufu ya maziwa yaliyopikwa, na povu hulegea. Nyumbani kwetu tumezoea maziwa ya chai yachemke mpaka yapande, kwa hiyo hili ndilo zoea gumu kuliacha.

Kipimajoto si lazima. Weka maziwa kwenye jagi dogo la stili au sufuria ndogo, moto mdogo, na gusa ubavu wa chombo kwa kiganja kila baada ya muda mfupi. Mwanzo utahisi ubaridi, kisha uvuguvugu, kisha moto unaovumilika. Mara tu kiganja kikikataa kukaa, kikajiondoa chenyewe, epua. Kwa macho, utaona vipovu vidogo vimejipanga ukingoni na mvuke mwembamba unapanda. Ukiona utando unajikunja juu na maziwa yanaanza kupanda, umepitiliza: hayo yatie kwenye chai, uanze na mengine.

Kwenye jiko la makaa ni vizuri zaidi uweke sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji ya moto. Makaa hayapunguziki kwa haraka kama gesi, na maziwa kidogo huungua chini kabla hujageuka.

Kutia hewa kwa upekecho

Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na bibi zetu waliijua kabla mashine yoyote haijafika Malindi. Upekecho, kile kijiti chenye kichwa cha matawi au cha mbao iliyochongwa meno, kinachozungushwa baina ya viganja viwili, hupiga maziwa vizuri kuliko uma. Huna? Tumia ule waya wa kupigia mayai, mpini wake uuzungushe vivyo hivyo baina ya viganja.

Mimina maziwa ya moto kwenye chombo kirefu chembamba: jagi, au bilauri nene ya stili. Yajae theluthi moja tu, kwa sababu yatapanda. Sufuria pana haifai, maziwa hutawanyika na kichwa cha upekecho hakizami.

Sasa angalia mpangilio. Kwanza kichwa cha upekecho kiwe juu juu, nusu ndani ya maziwa na nusu nje. Pekecha kwa kasi. Utasikia sauti ya kufyonza, hiyo ni hewa inaingia, na mapovu makubwa yatajaa juu. Fanya hivyo kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kisha zamisha kichwa mpaka karibu na chini, uendelee kupekecha bila kukiinua tena. Hapa hauongezi hewa. Unayavunja yale mapovu makubwa yawe madogo, na madogo yawe madogo zaidi. Endelea mpaka sauti ya kufyonza iishe kabisa na juu paonekane pameshikana.

Mwenye mashine ya mvuke hufanya hivyohivyo: ncha ya bomba juu kwanza, kisha chini. Wengi nyumbani hupiga juu tu mpaka mwisho, ndiyo maana hupata povu la sabuni ya kufulia, zito juu na maji chini.

Kwa chupa ya jemu

Asiye na upekecho achukue chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha kinachokaza. Ioshe mpaka harufu ya jemu iishe. Mafuta au sabuni iliyobaki hata kidogo hulivunja povu, kwa hiyo suuza mara mbili.

Isuuze kwanza kwa maji ya uvuguvugu ili kioo kisipasuke kwa kushtuliwa na moto. Tia maziwa ya nyuzi 60, theluthi ya chupa, si zaidi. Subiri kidogo kabla ya kufunika. Funika, izungushie taulo, tikisa mara tano sita, kisha ulegeze kifuniko ukiwa umekielekeza mbali na uso. Hewa iliyo ndani hupata moto na kutanuka, na usipoitoa itakurushia maziwa. Kaza tena, utikise kwa nguvu nusu dakika hadi dakika nzima. Maziwa yaliyochemka usiyafungie kwenye chupa hata siku moja, na mtoto asipewe kazi hii.

Ukiwa na maikrowevu, njia ni salama zaidi. Tikisa maziwa yakiwa baridi mpaka yawe mara mbili, ondoa kifuniko, hasa kikiwa cha bati, kisha uipashe chupa wazi kwa nusu dakika hivi. Joto hulikaza povu likasimama. Njia hii hutoa povu kavu zaidi kuliko la upekecho, linalofaa kuchotwa kwa kijiko.

Blenda nayo hufanya kazi, nusu dakika tu, jagi lake lisipite nusu na tundu la kifuniko liachwe wazi ufunike kwa kitambaa. Lakini inatia hewa nyingi kupita kiasi, na Malindi stima ikikatika unabaki na maziwa ya vuguvugu. Kuna pia kumimina kutoka jagi hadi jagi kwa mkono ulioinuliwa, kama wanavyofanya wauza chai. Hewa huingia kidogo na maziwa hupoa haraka. Kwa chai ni raha tupu, kwa kapuchino hapana.

Kulilainisha

Hatua hii ni fupi na watu huiruka. Povu likiwa tayari, gonga chini ya chombo mezani mara mbili tatu ili mapovu makubwa yaliyobaki yapasuke. Halafu zungusha chombo kwa kifundo cha mkono, maziwa yazunguke ndani, mpaka juu pang'ae kama rangi ya mafuta iliyofunguliwa mkebeni. Usiliache likae. Baada ya dakika moja au mbili maziwa hushuka na povu hubaki juu peke yake, na ukimimina yatatoka maji kwanza.

Kahawa na tangawizi

Kapuchino ya Kiitalia ni ndogo, kikombe cha mililita 150 hivi, kwa hiyo kahawa ya chini lazima iwe nzito. Ukiwa na kile kijungu cha moka cha pembe nane kilichobuniwa Italia mwaka 1933, vizuri. Usipokuwa nacho, pika kahawa tungu: vijiko viwili vya chakula vya kahawa kwa mililita 100 za maji, ichemke kidogo, itulie, uichuje kwa kitambaa. Sukari itie kwenye kahawa. Ukiitia kwenye maziwa kabla ya kuyapiga, yanakuwa mazito na povu linakuwa dogo.

Sasa tangawizi, kwa sababu sisi bila tangawizi hatujanywa kahawa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na kinafanya kazi vizuri zaidi katika joto lilelile la nyuzi 60 tunalolitafuta. Ukisaga tangawizi mbichi ukaitia kwenye maziwa ya povu, yatakatika mbele ya macho yako na utadhani umeuziwa maziwa mabovu. Dawa yake ni kuichemsha tangawizi pamoja na kahawa kwa dakika kadhaa. Mchemko huua kimeng'enya, harufu inabaki. Iliki na mdalasini hazina shida hiyo, hata ukinyunyiza juu ya povu.

Mimina kahawa kwanza. Inamisha kikombe, anza kumimina maziwa katikati ukiwa juu kidogo ili yapite chini ya kahawa. Kikombe kikifika nusu, shusha jagi karibu kabisa na uso wa kahawa, na povu litatoka lenyewe likae juu. Likikataa kutoka, lisukume kwa mgongo wa kijiko.

Wageni wakiwa wengi

Usipige maziwa ya watu sita kwa pamoja. Yapashe yote mara moja, uyaweke kwenye chupa ya chai yabaki na joto, kisha upige ya vikombe viwili viwili. Jioni za Ramadhani, baada ya futari, mimi hufanya hivyo huku kaimati zikipita. Maziwa yaliyokwisha kupigwa yakabaki, usiyapashe upya ukitarajia povu la pili. Yataharibu kikombe cha mgeni, bora yaende kwenye chai.

Chombo kikimaliza kazi, kisuuze papo hapo kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha protini ikashika ukutani. Kisha ndipo maji ya moto na sabuni, na kusuuza mara mbili. Upekecho wa mbao uanike juani ukiwa kichwa juu, ukauke mpaka ndani ya meno yake kabla ya kuurudisha kabatini.