Kupiga deki zamu nzima bila kuumiza bega wala kiuno

Sisi wafanya usafi tukiajiriwa hufundishwa jambo moja tu kuhusu mwili: ukiinua ndoo, kunja magoti, usipinde mgongo. Ni somo zuri, sina ugomvi nalo. Lakini ndoo unaiinua labda mara kumi kwa zamu, ilhali mopa unaisukuma maelfu ya mara. Piga hesabu mwenyewe: misukumo 30 kwa dakika, saa mbili za kudeki, tayari ni 3,600. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kinachojaa ni maumivu ya bega.

Nayajua kwa sababu yalinipata. Miaka yangu ya kwanza kazini nilidekia mopa yenye mpini mfupi, kisa ndiyo iliyokuwepo stoo. Ilifika mahali siwezi kunyanyua mkono wa kulia kuanika nguo. Nikalaumu umri, nami sikuwa hata nimefika thelathini. Siku nilipopewa mpini wa kurefushwa nilidhani ni anasa. Baada ya wiki chache nikaanza kuanika nguo zangu tena.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mopa. Mengine nitayapitia.

Hatua ya 1: Pima mpini kabla hujagusa maji

Simama wima ukiwa umevaa viatu vya kazini, simamisha mopa mbele yako. Ncha ya juu ya mpini ifike kidevuni, au juu yake kidogo. Ikiishia kifuani, utainama zamu nzima bila kujijua. Ikipita paji la uso, mkono wa juu utakaa juu ya bega muda wote, na bega halipendi hivyo hata kidogo.

Mpini wa kurefushwa una kufuli ya kuzungusha au ya kubana. Ifunge kweli, kisha egemea kidogo uone kama inateleza. Mkiwa mnapokezana mopa zamu kwa zamu, weka alama ya utepe wa rangi kwenye kimo chako, usipoteze muda kupima kila siku. Kama mipini yenu hairefuki, angalau mgawane kwa urefu wa watu: mrefu achukue mirefu. Ajabu ni kwamba stoo nyingi zina mipini ya urefu tofauti, ila kila mtu anachukua iliyo karibu na mlango.

Hatua ya 2: Shika kama unashika yai

Mkono wa juu ufunike ncha ya mpini kwa kiganja, mbele ya kifua, karibu na mwili. Huu hausukumi. Kazi yake ni kuwa bawaba, mpini uzunguke ndani yake. Mkono wa chini ukae usawa wa kitovu hivi, kiwiko kikiwa kimelegea, na ndio unaoongoza. Vifundo vya mikono vinyooke. Ukiona kiganja kimekunjika kuelekea juu au chini, sogeza mkono mpaka kikae sawa.

Wengi tunabana mpini kwa nguvu kana kwamba utatoroka. Jaribu hivi: katikati ya kudeki, fungua vidole vya mkono wa chini kwa sekunde moja. Mopa ikiendelea kwenda, unashika vizuri. Ikianguka, ulikuwa unafanya kazi mara mbili, kubana na kusukuma.

Glavu pia zina mchango wake. Zikikubana, kila ukikunja vidole unapambana na mpira. Zikipwaya, unabana zaidi ili zisiteleze. Omba saizi yako.

Hatua ya 3: Rudi kinyumenyume, uache miguu ifanye kazi

Ule mtindo wa kusukuma mopa mbele na kuirudisha, mbele na nyuma kama unapiga msumeno, uache kabisa kwenye sakafu pana. Unapinda kiuno kila msukumo, tena unakanyaga ulipokwisha kusafisha. Badala yake:

Tanua miguu upana wa mabega, legeza magoti. Peleka mopa kutoka kushoto kwenda kulia mbele ya miguu yako, igeuze bila kuinyanyua, irudishe kushoto ukiwa umerudi hatua moja nyuma. Njia yake sakafuni iwe kama nyoka anayetambaa. Mopa ya bapa unaigeuza kwa kuzungusha mpini kidogo tu, upande ule ule ukitangulia daima ili uchafu ubaki mbele ya kitambaa. Mopa ya nyuzi inachorwa kama namba nane iliyolala.

Upana usizidi pale mkono unapofika bila mwili kufuata. Ukijiona unanyoosha mkono kuifikia kona, huna haja ya mkono mrefu, unahitaji hatua moja ya mguu. Uzito uhame kutoka mguu huu kwenda ule, kama mtu anayecheza ngoma taratibu. Kiuno kisizunguke peke yake huku nyayo zimeganda sakafuni. Ukigeuka, geuka na vidole vya miguu.

Halafu badilisha upande. Kila ukimaliza chumba, au kila dakika kumi, mkono wa chini uwe wa juu. Siku tatu za kwanza utajiona kama mtoto anayejifunza kuandika. Vumilia, wiki ya pili mwili unazoea.

Tahadhari moja: unarudi nyuma bila macho kisogoni. Pita kwanza njia nzima uondoe nyaya na viti, na ndoo iweke pembeni kwenye ukuta, isikae nyuma yako. Nimewahi kukaa ndani ya ndoo yangu mwenyewe mbele ya wageni, sitaki kurudia.

Hatua ya 4: Usisokote kwa mikono

Kukamua kwa kusokota ndiko kunakomaliza vifundo na viwiko. Tumia ndoo yenye kikamulio. Isogelee, shika wenzo kwa mikono miwili, nyoosha mikono na uuegemee kwa uzito wa mwili. Mabega yasipande. Kama hakuna kikamulio, kunja kitambaa kiwe donge na ulibinye kati ya viganja viwili, mara kadhaa kama ikibidi, bila kusokota. Njia iliyo bora kuliko zote ni kulowesha vitambaa vya mopa ya bapa kabla ya zamu, kila chumba na chake. Hapo hukamui chochote, wala huburuzi ndoo ya maji.

Hatua ya 5: Maji ni mzigo

Lita 1 ya maji ni kilo 1. Ndoo ya lita 15 ikijaa ina kilo 15, ndoo yenyewe hujaihesabu. Kanuni ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanza na kikomo cha kilo 23, lakini hizo ni za hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hauko chini sakafuni, na hujipindi. Kuitoa ndoo sakafuni hadi kwenye sinki huku umegeuka upande si hali hiyo hata kwa mbali.

Basi jaza nusu. Jaza kwa mpira wa maji ndoo ikiwa chini, na mwaga kwenye shimo la sakafuni kama lipo. Kama ni sinki tu, punguza maji kwa kopo kwanza, kisha inua yaliyobaki ukiwa umekumbatia ndoo.

Hatua ya 6: Meza, vioo, vyoo

Kitambaa kikunje mara mbili, upate pande nane safi, na ukitumie kiganja kikiwa bapa. Usikifinyange ngumi. Mkono mwingine uegemee meza, mgongo upumzike. Vioo vya juu vinahitaji fito ya kurefusha; kazi iliyo juu ya bega ifanye dakika chache, ushuke, ufanye ya chini.

Chooni, mimina dawa katika vyoo vyote kwanza, uiache kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa huku ukifuta masinki. Anayesugua kwa nguvu mara nyingi ni yule asiyesubiri dawa. Sehemu za chini piga goti moja juu ya kipande cha sponji, usiiname miguu ikiwa imenyooka.

Hatua ya 7: Toroli na taka

Toroli inasukumwa, haivutwi. Vizito vikae chini, unavyovitumia kila mara vikae usawa wa kiuno. Gurudumu linalokwama liripoti siku hiyo hiyo. Mfuko wa taka ufunge ukiwa haujajaa, ushike mbali na mguu kwa sababu ya vioo na sindano, na kama ni mzito, uburute au laza pipa kwanza mfuko utoke kwa kuteleza.

Hatua ya 8: Changanya kazi

Usideki saa tatu mfululizo ndipo uanze vioo saa mbili mfululizo. Deki nusu saa, futa meza, toa taka, rudi kudeki. Ni kazi ile ile kwa muda ule ule, ila hakuna msuli unaobeba zamu nzima peke yake. Msimamizi akikataa, mwombe mjaribu wiki moja.

Na usiku ukiamshwa na ganzi kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, usikung'ute mkono na kulala tena kwa miezi. Mara nyingi ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ikiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi. Nenda kwa daktari, umwambie kazi yako ni ipi, umwonyeshe na jinsi unavyoshika mopa.